Hisabati Ni ya Mtoto wa Nani?

Kila Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, jicho langu hukimbilia mstari mmoja tu: Hisabati. Katika mtihani wa mwaka 2022, waliofaulu somo hilo walikuwa takriban asilimia 20. Mwaka 2023 walifika takriban asilimia 25, na tukapongezana. Kufaulu kwenyewe ni kupata alama 30 kati ya 100. Kwa hiyo hata katika mwaka tunaouita mzuri, kati ya watoto wanne waliokaa darasani miaka minne, watatu wanaondoka na F.

Kuna linaloniumiza kuliko tarakimu hizo, nalo ni utulivu wetu. Mahindi yangekauka katika robo tatu ya mashamba ya nchi, wakuu wa mikoa wasingelala. Hisabati inapokauka, tunasema, "Somo lile lina wenyewe," tunageukia habari nyingine. Kauli hiyo nimeisikia kwa wazazi, kwa walimu, na kwa watoto wenyewe, ambao huimeza mapema kuliko sote. Mtoto wa darasa la tano anakuambia bila haya kwamba yeye "hana kichwa cha hesabu", kana kwamba anakutajia kimo chake.

Nimekuwa nikimfikiria mtu mmoja aliyeikataa kauli hiyo maisha yake yote, na ambaye sehemu ya maisha hayo aliishi hapa kwetu. Alikuwa Mmarekani mweusi aliyezaliwa Harlem, New York, mwaka 1935, na aliitwa Robert Moses, wengi wakimfahamu kama Bob. Kati ya mwaka 1969 na 1976 aliishi Tanzania na familia yake, akifundisha hisabati sekondari mjini Same, chini ya milima ya Upare. Abiria wengi wanaoshuka Same kunyoosha miguu hawajui kwamba katika mji huo aliwahi kushika chaki mmoja wa watu waliobadilisha historia ya Marekani.

Kabla ya kuja kwetu, Moses alikuwa katika jimbo la Mississippi. Alifika huko mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuwasaidia Wamarekani weusi kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 1961 alipigwa hadi kichwa kikachanika kwa kosa la kuwasindikiza watu kwenye ofisi ya uandikishaji. Mwaka huohuo Herbert Lee, mkulima mweusi aliyekuwa akimsaidia, aliuawa kwa risasi mchana kweupe. Katika ofisi hizo kulikuwa na mtihani. Mwombaji alipewa kifungu cha katiba ya jimbo akisome na kukifafanua, na karani mzungu ndiye aliyeamua kama amefaulu. Wengi wa waliofelishwa walikuwa vibarua wa mashamba ya pamba, ambao jimbo hilohilo halikuwahi kuwapa shule ya maana. Kwanza jimbo liliwanyima elimu, kisha likawanyima kura kwa kuwa hawana elimu. Na wakubwa walikuwa na maelezo tayari: watu hawa hawataki kupiga kura, siasa si zao.

Moses alikufa Julai 2021, na alichotuachia naweza kukifupisha hivi: kauli ya kwamba siasa si za watu fulani na kauli ya kwamba hisabati si ya watu fulani ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili zinamtwisha aliyenyimwa lawama ya kunyimwa kwake.

Aliporudi Marekani kutoka Tanzania, Moses alikwenda Chuo Kikuu cha Harvard kuendelea na masomo ya falsafa ya hisabati. Mwaka 1982 bintiye Maisha alifika darasa la nane katika shule ya umma mjini Cambridge, Massachusetts, na shule haikuwa na mwalimu wa kumfundisha aljebra. Baba akaomba ruhusa ya kumpa mtoto wake kazi ya ziada. Mwalimu wa darasa akamjibu kwa ombi lake: njoo uwafundishe na wenzake. Moses akakubali. Alichokiona humo darasani kilimkumbusha Mississippi. Watoto walikuwa wamegawanywa kwa kile kilichoitwa uwezo. Kundi la juu lilijaa watoto wa wazungu wenye nafasi, na makundi ya chini yalijaa weusi na maskini. Hakuna aliyekuwa ameandika sheria ya kuwatenga. Mpangilio ulijisimamia wenyewe. Na kwa kuwa asiyesoma aljebra mapema hawezi kushika hisabati za juu, na asiyezishika hafiki vyuo vya sayansi, mlango wa maisha ulikuwa ukifungwa kwa watoto wa miaka kumi na mitatu.

Wazazi wa shule ile walipoulizwa maoni, majibu yao yalifunua jambo ambalo sisi pia tunalo. Alipoulizwa kama mtoto wake anastahili kusoma aljebra, mzazi alisema ndiyo. Walipoulizwa kama kila mtoto anastahili, wengi walisita. Ilibidi wakae, wazungumze na kujitazama, ndipo wakakubaliana kwamba mlango ufunguliwe kwa wote. Huo ulikuwa mwanzo wa Mradi wa Aljebra, ambao baadaye ulifika katika shule za miji mingi ya Marekani na kurudi hadi Mississippi kulekule.

Mgawanyo wa namna hiyo naujua, kwa kuwa nami nilisoma sekondari yenye mikondo. Mkondo A ulikuwa na mwalimu wa hisabati aliyesomea, aliyefika kwa wakati na kusahihisha madaftari. Mkondo wetu wa mwisho tulipewa yeyote aliyekuwa na vipindi vichache, na kuna miezi tulipewa kiranja wa kunakili mazoezi ubaoni. Mwisho wa mwaka matokeo yalibandikwa, na wote tukaamini kwamba karatasi ile imepima akili zetu. Leo naamini ilipima pia nani alikuwa amefundishwa. Nikiwakumbuka wenzangu wa dawati la nyuma, walioweza kukokotoa faida ya gunia la mkaa kwa kichwa lakini wakapata sifuri kwenye mtihani, moyo huniuma.

Kuna hofu moja ambayo watu wema wanayo, na inastahili jibu la heshima. Wanasema tukifungua mlango kwa wote, kiwango kitashuka. Tuwalinde kwanza wachache wenye uwezo. Moses hakuwahi kushusha kiwango. Kwake, kumpa mtoto wa maskini hisabati nyepesi ilikuwa namna nyingine ya kumtenga. Alibadilisha njia ya kufikia kiwango kilekile. Tangu mwaka ule wa kwanza, baadhi ya watoto wa darasa lake walifanya mtihani wa aljebra wa mji mzima na kufuzu kuingia jiometri ya kiwango cha juu walipofika sekondari, jambo ambalo shule ile haikuwa imewahi kuliona.

Njia yenyewe ilianzia kwenye treni. Moses aligundua kwamba watoto wake walikwama kwenye namba hasi kwa sababu hesabu zote walizozoea zinauliza swali moja: ngapi? Aljebra inaongeza la pili: kuelekea upande gani? Akawapandisha treni ya mjini, wakatazama vituo, wakarudi darasani. Kwanza walichora safari yao. Kisha wakaisimulia kwa maneno yao wenyewe, kama wanavyoongea nyumbani. Kisha wakainyoosha lugha hiyo kwa utaratibu: kianzio, upande, umbali. Alama za kihisabati zilikuja mwisho kabisa, na zilipokuja watoto walizipokea kama ufupisho wa jambo wanalolijua.

Hebu tuilete njia hiyo Same kwenyewe. Chukua vituo vichache vya barabara kuu. Same iwe sifuri. Ukielekea kaskazini, Mwanga ni 1, Himo ni 2, Moshi ni 3. Ukielekea kusini, Makanya ni hasi 1, Hedaru ni hasi 2. Sasa muulize mtoto: kutoka Hedaru hadi Himo ni hatua ngapi, na kuelekea wapi? Atahesabu kwa vidole: nne, kuelekea Moshi. Basi mwandikie ubaoni: 2 kutoa hasi 2 ni 4. Kanuni iliyowatoa machozi maelfu ya wanafunzi, ile ya hasi mbili kuwa chanya, imekaa mbele yake kama jambo la kawaida. Hakuikariri. Ameipanda basi.

Sasa fikiria darasa letu la kidato cha kwanza. Yumo aliyetoka shule binafsi aliyosoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Yumo aliyemaliza la saba kwa Kiswahili, ambaye sasa anakutana na hisabati ileile kwa lugha asiyoweza kuombea maji. Yumo binti wa Kimasai ambaye hata Kiswahili ni lugha yake ya pili, na yumo msichana anayefika amechoka kwa kuchota maji na kulea wadogo zake. Tangu ada ilipofutwa mwaka 2016, madarasa yamefurika, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa kuwa waliokuwa nje wameingia. Lakini mwalimu anayewaandikia wote kanuni moja ubaoni na kusema "nakilini" anamfundisha yule wa kwanza peke yake. Wengine wamehudhuria tu.

Simlaumu mwalimu mwenye wanafunzi tisini na chaki ya kugawana. Namwomba jambo lililo ndani ya uwezo wake: kabla ya alama, awape watoto nafasi ya kusema wanachokiona, kwa lugha waliyonayo, hata kama ni ya mtaani. Amwite ubaoni msichana wa nyuma, ampe muda wa kufikiri, na akikosea amuulize amefikaje hapo. Kosa lililoelezwa mbele ya darasa hufundisha watoto tisini kwa mara moja. Na asimwite mtoto yeyote kilaza, kwa kuwa neno hilo hukaa kichwani kuliko kanuni yoyote.

Kwa wanaopanga walimu, ninalo ombi zito zaidi. Mwalimu hodari wa hisabati tunampeleka tunakotarajia kung'ara, kwa sababu shule inayong'ara inatulipa sifa. Nchi yenye haki humpeleka pia palipofifia, ikampa nyumba, ikampa semina, ikamheshimu. Ubora wa somo hili nchini haupimwi kwa mtoto mmoja aliyepata A. Tunampenda na tunampongeza. Lakini ubora unapimwa kwa wale watatu katika kila wanne wanaoondoka na F.

Na kwetu wazazi, wenye pesa ya tuisheni na wasio nayo, naleta swali waliloulizwa wazazi wa Cambridge. Kwenye kikao kijacho cha wazazi, baada ya kuuliza mwanao amekuwa wa ngapi, simama umuulize mkuu wa shule maswali mengine mawili. Mkondo wa mwisho unafundishwa hisabati na nani? Wiki iliyopita aliingia vipindi vingapi? Uliza hata kama mwanao yuko mkondo A, na usikae mpaka ujibiwe. Watoto wa mkondo wa mwisho mara nyingi hawana mzazi kikaoni wa kuwaulizia, na haki yao haiwezi kungoja hadi apatikane.