Majuto Hayarudishi Mawe

Juu ya kilima cha Overton, karibu na kijiji cha Avebury katika Uingereza, mgeni hakuti hekalu wala nguzo. Hukuta majani, na vipande vya saruji vilivyopangwa duara ndani ya duara. Vipande hivyo ni alama tu: vyaonyesha mahali zilipochimbiwa nguzo za miti yapata miaka 4,500 iliyopita, na mahali yaliposimama mawe. Duara la nje lina upana wa meta 40 hivi. Kando ya jiwe mojawapo alizikwa kijana, pamoja na chombo cha udongo. Wenyeji walipaita Patakatifu, ingawa hakuna ajuaye ibada iliyofanyika hapo.

Miti ilioza yenyewe. Hilo si kosa la mtu. Lakini mawe yalidumu, na mwaka 1723 William Stukeley, mchunguzi wa mambo ya kale, aliyachora. Muda mfupi baadaye yalivunjwa, kwa kuwa mwenye shamba alitaka kulima. Stukeley aliandika kwamba majirani wote walihuzunika, isipokuwa yule aliyepata faida ile ndogo. Mahali penyewe pakasahauliwa, hata Maud Cunnington alipopachimba mwaka 1930.

Je, mkulima yule alikosa? Shamba lilikuwa lake, na kulima ni kazi ya halali. Tena aweza mtu kusema kwamba ibada ile haikuwa ya Mungu wa kweli. Na iwe hivyo. Hata hivyo, kitu walichokiheshimu wengi kabla yetu twakipokea kama amana, wala si nyara. Kutoijua maana yake si ruhusa ya kukivunja, bali ni sababu ya kuuliza kwanza. Mavuno ya mwaka mmoja huliwa yakaisha; jiwe lililovunjwa halisimami tena.

Lakini yatupasa kuwatazama zaidi wale majirani, maana hao ndio wanaofanana nasi. Walikuwa watu wema, wakahuzunika, na huzuni yao haikurudisha hata jiwe moja.

Msomaji mpenzi, huenda kijijini kwako pana kaburi la kale, au mti waliokutania wazee. Siku shoka litakapoinuliwa, usingoje kusikitika pamoja na wengine. Nena siku ile ile, kwa upole na kwa ujasiri, kabla halijashuka.