Kuchanua kwa Mwanzi si Uchuro

Shukrani ni za Mwenyezi Mungu, aliyekipa kila kiumbe muda wake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu, fahamuni ya kuwa mtu aweza kukaa Magu, ufukweni mwa Ziwa Viktoria upande wa Mwanza, hata akaota mvi, wala asipate kuliona ua la mwanzi. Basi siku akiliona huenda akasema, "Huu ni uchuro, mauti yaja," akautia mwanzi shoka au moto. Hofu hiyo ni tiyara, na Mtume ameikataza.

Tazameni ilivyo kweli. Mwanzi ni katika jinsi ya nyasi, ndugu yake mpunga. Ua lake halina rangi ya kupendeza, kwani tegemeo lake ni upepo. Limefunikwa kwa magamba membamba. Mwanzi wa nyikani, ule ambao watu wa Iringa huugema wakapata ulanzi, nao ni kileo kilicho haramu, ua lake lina nyuzi sita za kiume zilizoshikana mfano wa mrija. Na ndani mna kizazi cha kike, chenye manyoya ya kupokea chavua iletwayo na upepo. Ua moja, mbegu moja. Mwanzi huo hukaa miaka mingi bila ua, kisha huchanua, huzaa, hukauka. Basi aukataye kabla ya mbegu kuanguka hakuzuia mauti, kwani mzazi ajali yake imekwisha kufika. Alilofanya ni kumwua mwana.

Ama mwanzi upandwao penye nyumba, huo huchanua kwa nadra, na hata ukichanua aghalabu hauzai mbegu. Uzao wake ni katika vipande vya shina vipandwavyo.

Na mtu akisema, "Mbona huko Mizoram, Bara Hindi, mwanzi ulichanua mwaka 1959 ikafuata njaa?" jawabu ni hili: panya walikula mbegu za mwanzi wakazaana mno, na mbegu zilipokwisha wakaingia mashambani na ghalani. Wenyeji walijua, kwani mwanzi ule hurudia kila miaka 48 hivi. Wakaonya mwaka 1958, wasisikilizwe. Ua halikuleta njaa. Njaa ililetwa na kupuuza onyo.

Kwa hiyo mwenye akili akiona mwanzi wa nyikani umechanua, na auache mpaka mbegu zianguke, azuie mbuzi na moto, na afunge ghala yake. Kisha azingatie: mwanzi hungoja umri wake wote kuzaa mara moja, na binadamu amefunguliwa mlango wa wema kila siku, wala hajui siku yake ya mwisho.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuziona ishara zake kwa ilimu, si kwa hofu. Amin.