Pazia la Kasubi

Walimu wenzangu, miaka michache kabla ya 2010 niliwapeleka wanafunzi wangu kuzuru Kasubi, kilima kilichoko Kampala ambako wamezikwa Makabaka wanne wa Buganda. Tulivua viatu mlangoni, tukaketi mikekani chini ya paa kubwa la nyasi lenye pete 52, kwa hesabu ya koo za Waganda. Mbele yetu lilitundikwa pazia la nguo ya gome la mti. Tuliambiwa kwamba nyuma yake upo Msitu, ambamo Makabaka wamo, na kwamba mgeni hapiti hapo. Kando yetu waliketi watalii waliolipa kiingilio. Kijana mmoja akaninong'oneza: "Mwalimu, hapa ni kaburi ama ni makumbusho?" Nikamjibu kuwa ni yote mawili. Jibu hilo halikumridhisha, wala mimi halijaniridhisha hata leo.

Wapo wanaoshikilia kwamba mgeni ndiye auaye utamaduni. Kauli hiyo siiafiki, maana Kasubi yenyewe yaikanusha. Mutesa I, aliyejenga kasri lake hapo mwaka 1882, alikuwa amekwisha kufunga Ramadhani miaka mingi na kujua Kiswahili kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani, kisha akawapokea wamisionari wa Kiprotestanti mwaka 1877 na wa Kikatoliki mwaka 1879. Hapo kale Kabaka alipofariki, utaya wake ulitengwa na mwili ukahifadhiwa mahali pake. Mutesa alipofariki mwaka 1884 alizikwa mzima, ndani ya kasri lake mwenyewe. Basi hilo ambalo mtalii huelezwa kuwa ni la tangu na tangu, kwa sehemu lilikuwa jambo jipya, na lugha hii tuifundishayo ilifika Buganda katika misafara iyo hiyo iliyoleta mabadiliko hayo.

Hata hivyo wageni hawafanani. Aliyekuja na dini aliketi barazani kwa Kabaka, akaulizwa maswali, akabishiwa, naye akataka mwenyeji abadilike. Mtalii hataki hivyo. Ametoka kwao akiwa na picha, na humtaka mwenyeji afanane na picha hiyo. Hapa ndipo ninapoona hatari, na wala haimo katika fedha zenyewe. Wale wanawake wanaokaa zamu mle ndani, wanaohesabiwa kuwa wake wa Makabaka, wako katika ibada. Ikiwa siku moja watakaa kwa sababu tu saa za wageni zimefika, macho ya mtalii hayataona tofauti yoyote.

UNESCO iliiandika Kasubi katika urithi wa dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba ile kuu iliteketea. Watu walilia hadharani, na siku iliyofuata wengine walipoteza maisha katika ghasia zilizotokea pale pale kilimani. Sijasikia watu wakifa kwa ajili ya makumbusho. Mwaka huo huo UNESCO iliitia Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini, na haikuiondoa humo hadi 2023. Kwa nini miaka yote hiyo? Sababu ni nyingi, na si zote za kutukuza, lakini mojawapo ni hii: mtalii angetosheka na paa lolote lifananalo na lile la kwanza, ilhali kwa Waganda kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, yenye miiko yake, na fundi wa namna hiyo haajiriwi kwa tangazo.

Ningekutana leo na kijana yule, nisingemwambia tena kwamba ni yote mawili. Ningemwonyesha pazia. Kiingilio alicholipa mtalii, ambacho si haramu, kilinunua upande wa mikeka tu.