Kiti cha Mbele Hakimwoni Aliyesimama Nyuma

Wajukuu zangu, nimesikia kwaya ya vijana imegawanyika kwa sababu ya nani asimame mbele siku ya kurekodi video. Sogeeni hapa.

Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni. Filipi ulikuwa mji wa watu wa vyeo, koloni la Rumi lenye askari wastaafu, kila mtu akipenda atambulikane. Watu wa namna hiyo ndio aliowasihi wajishushe na kuyabeba ya wenzao, kama Kristo alivyokubali kushuka mpaka msalabani.

Walikuwamo akina mama wawili, Euodia na Sintike. Walitaabika pamoja na Paulo katika Injili, kisha wakafarakana. Akawataja kwa majina, akiwaomba wapatane. Sasa oneni, wanangu: miaka karibu elfu mbili imepita, na jambo walilogombania halikuandikwa popote. Ugomvi ndio tunaoukumbuka. Mnataka na ninyi mkumbukwe hivyo?

Kuna na Epafrodito, ambaye wahubiri humpita haraka. Kanisa la Filipi lilimtuma ampelekee Paulo msaada, akaugua nusura afe. Kilichomhuzunisha ni kwamba kule kwao wamesikia anaumwa. Mgonjwa anawahurumia wazima! Mtu huyo ndiye wa kumuiga, wajukuu zangu.

Njia mliyoishika naijua inakoishia. Kwanza salamu zinakatika. Halafu mmoja haji mazoezini, halafu anaondoka na wafuasi wake wakaimbe peke yao chini ya turubai. Mwisho mtu anafiwa, na upande wa pili hauonekani msibani. Hapo mnakuwa mmeshazika na usharika. Nawasihi, msifike huko.

Anayehesabu wanaomsalimu husahau kusalimia. Kwa hiyo mwenye sauti nzuri kuliko wote na abebe spika, apange viti, amfundishe anayekosea noti bila kumcheka. Wala msijifanye hamjui kuimba ili msifiwe kwa upole. Hayo nayo ni majivuno, ila yamejifunga kanga.

Yule binti wa sauti ya pili hajaonekana mazoezini tangu mama yake alazwe. Mmegombana wiki nzima juu ya mistari ya kusimama, na hakuna aliyeuliza analala wapi, anakula nini, nani anampelekea mama uji wodini. Nendeni leo, wanangu. Pande zote mbili, tena pamoja. Na msiende mikono mitupu.