Kumkanya si Kumchapa

Mtoto kamwaga ndoo, na hapa kwetu Mkunya maji ni jasho la mtu: anachapwa. Kachelewa kuokota korosho: anachapwa. Tunaita malezi. Lakini anayechapwa bila kuelezwa hajifunzi kosa, anajifunza kuficha. Akifika miaka 20 anaendelea kuficha: hasemi ameumia, hasemi anaogopa, hasira zikimpanda mkono ndio unaotangulia. Mwingine hushtuka kila mkubwa apazapo sauti, hata kazini.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 uliwahoji vijana wa Tanzania wa miaka 13 hadi 24. Karibu watatu katika kila wanne walisema walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao sasa ni wazazi.

Shuleni angalau kuna mpaka. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, mwalimu mkuu aidhinishe, na viandikwe kitabuni. Nyumbani nani anahesabu?

Msiniambie ni mila. Jando lina ukali wake, sikatai, na si kila cha huko ni cha kuigwa. Ila kungwi hukaa na vijana, akafundisha, akarudia mpaka waelewe. Sisi tumebaki na fimbo, maneno tumeyaacha.

Mzazi, mwanao akikosea leo, muulize kwanza na umsikilize mpaka amalize. Kisha mpe kazi ya kurekebisha alichoharibu.