Firigisi ni ya Nani?

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, kuku akichinjwa, firigisi huwa na mwenyewe hata kabla maji hayajachemka. Ni ya baba. Asipokuwepo huwekewa, na akija mgeni wa heshima huandaliwa yeye. Kwa Waganda wa Buganda ya zamani mwiko ulikwenda mbali zaidi: mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Desturi za namna hii huonekana kuwa mambo madogo ya jikoni, yasiyostahili fikra nzito. Mimi nadai kwamba ni suala la haki. Swali lenyewe ni la kale: anayegawa kwa haki humpa kila mtu sawasawa, au humpa kwa cheo chake, au humpa kadiri ya haja yake? Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifundisha kwamba haki katika kugawa ni uwiano, na kwamba wasiolingana wakipewa sawa malalamiko hayakosi. Lakini alikiri pia kwamba watu hawaafikiani uwiano huo upimwe kwa nini. Penye chakula, kipimo tunacho tayari, nacho kimo katika damu.

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za madini ya chuma, uzito wa msumari mdogo. Takriban theluthi mbili yake imo katika himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda kila kiungo. Mwili hauwezi kujitengenezea chuma, wala hauna njia maalumu ya kutoa kinachozidi. Hukitunza kama mali ya urithi: chembe nyekundu zikifa, chuma chake huokotwa na kutumika upya. Ndiyo maana mwanamume mzima hupoteza kiasi cha miligramu 1 tu kwa siku. Mwanamke hupoteza zaidi kwa hedhi, na mimba moja humdai karibu gramu nzima. Kwa kuwa tumbo hufyonza sehemu ndogo tu ya chuma kilichomo katika chakula, viwango vinavyotumika Marekani vinamtaka mwanamume ale miligramu 8 kwa siku, mwanamke wa umri wa kuzaa 18, na mjamzito 27. Mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji 11. Yaani mtoto ambaye bado anatambaa anahitaji chuma kingi kuliko baba yake. Na bibi aliyekoma hedhi hurudi kwenye 8, sawa na babu. Kwa hiyo hapa jinsia si kipimo, umri si kipimo, cheo si kipimo. Kipimo ni haja.

Sasa itazame sahani. Chuma cha nyama, maini na samaki hufyonzwa kwa wepesi. Cha mboga na nafaka hufyonzwa kwa shida. Anayebakiziwa mchuzi na ugali hakupunjwa kiasi peke yake, amepewa pia kile kilicho kigumu kuingia mwilini. Utafiti wa kitaifa wa afya nchini Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na asilimia 58 ya watoto wa chini ya miaka mitano. Si wote waliokosa chuma. Malaria, minyoo ya safura na selimundu nazo zimo. Hata hivyo ukosefu wa chuma ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa, na matunda yake ni machungu: mama anayechoka kabla ya adhuhuri, mtoto anayechelewa kujifunza, mzazi anayeingia chumba cha kujifungulia akiwa hana akiba ya damu ya kumwokoa akivuja.

Atasema mtu: baba ndiye anayetoka jasho, basi ale kwanza. Hoja hii ina ukweli nusu. Kazi nzito inataka nguvu, na mfanyakazi astahili sahani kubwa ya ugali, wali, muhogo na mafuta, maana huko ndiko nguvu zinakotoka. Lakini jembe halimwongezei mwanamume haja ya chuma kiasi cha kumfikia mjamzito. Isitoshe, huyo mjamzito naye huwa ametoka shamba hilohilo, na ndoo ya maji kichwani. Mwingine atasema firigisi ni heshima, na kuigusa ni kuvunja adabu ya nyumba. Heshima ni njema, lakini thamani yake imo katika maana, na maana hiyo yaweza kukaa katika kiti, katika salamu, katika kunawishwa mikono kwanza. Damu haina kibadala cha namna hiyo. Tena kwa wanaomwamini Mungu, hoja ya haja si ngeni. Fikihi ya Kiislamu humruhusu mjamzito na anayenyonyesha kufungua saumu wakihofia nafsi zao au watoto wao. Matendo ya Mitume husimulia jinsi waumini wa kwanza walivyogawiana mali kwa kuangalia nani amepungukiwa. Basi asemaye kwamba udhaifu wa mama ni kudra tu, ajiulize kwa nini dini yake imejali mwili wa mama kiasi hicho.

Pingamizi lenye uzito zaidi latoka upande wa pili: kwa nini tuhangaike na sahani, ilhali twaweza kumpa kila mtu kidonge sawa? Jibu lilipatikana Pemba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, watoto wadogo wa kisiwa hicho, kilichokuwa na malaria nyingi, walipewa chuma pamoja na asidi ya foliki bila kwanza kupimwa nani amepungukiwa. Waliopewa chuma walilazwa hospitali au kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Lakini katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika. Dawa ni ileile. Kwa mwenye haja ni uhai, kwa asiye na haja yaweza kuwa hatari. Sioni ushahidi mzito kuliko huu kwamba usawa wa kugawa bila kuangalia haja si haki.

Yabaki hoja ya umaskini: nyama yenyewe haipo, tutagawa nini? Ni kweli, na serikali haiwezi kukwepa wajibu wake wa kliniki, vyandarua na unga ulioongezwa virutubisho. Lakini kidogo kikigawiwa vibaya huumiza kuliko kingi. Dagaa, maharage, kunde na choroko havihitaji utajiri. Ndimu au chungwa pamoja na mlo husaidia chuma cha mboga kufyonzwa. Chai inayonywewa papo hapo hukizuia, basi ingoje saa moja au mbili. Wala tusidanganywe na wekundu wa juisi: rangi si ushahidi wa chuma. Mjamzito asiache vidonge anavyopewa kliniki, na anayechoka bila sababu apimwe kwanza, asijinunulie dawa kwa kukisia.

Hakuna hata moja kati ya haya linalomvua baba ubaba wake. Mkuu wa nyumba ni yule anayejua nani amepungukiwa, akaanza naye. Kuku akichinjwa leo, maini na firigisi vipelekwe kwa mjamzito, kwa aliyejifungua, kwa msichana aliyevunja ungo, na visagwe laini kwa mtoto aliyeanza uji. Baba atashiba kwa kilichobaki, na damu yake haitapungukiwa kitu.