Je, Yafaa Dola Kutegemea Silaha za Mgeni?

Kuchukua silaha kwa asiyekuwa Mwislamu si haramu. Mtume (S.A.W.), katika mwaka wa 8 wa Hijra, alipokwenda Hunain aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya, naye wakati huo hajasilimu, akamdhaminia kuzirejesha. Lakini zingatieni, ndugu zangu: aliyevaa deraya ile alipigana kwa amri ya Mtume, si kwa amri ya Safwan. Hapo ndipo penye mpaka.

Tazameni yaliyoipata dola ya Uthmaniya mwaka 1914. Iliagiza Uingereza manowari mbili kubwa, Sultan Osman na Reşadiye, na sehemu ya thamani yake raia waliichanga wenyewe. Mabaharia wake wameshafika kupokea. Mara, mwanzo wa Agosti, Waingereza wakazitwaa kwa vita vyao.

Wakaja Wajerumani na manowari zao mbili, Goeben na Breslau, ikatangazwa kuwa zimeuzwa kwa Waturuki. Zikabadilishwa majina na bendera, mabaharia wakavikwa tarbushi. Lakini waendeshaji ni wale wale Wajerumani, na amiri wao, Souchon, akafanywa mkuu wa manowari za Uthmaniya. Tarehe 29 Oktoba akaipiga mizinga pwani ya Urusi, kwa kuafikiana na Enver Pasha na wachache wenziwe, hali mawaziri wengine hawana habari. Siku chache baadaye dola nzima imo vitani, na vita hivyo ndivyo vilivyoivunja.

Basi madhara ni mawili. Rafiki akizuia silaha, mwabaki mikono mitupu. Na akiitoa pamoja na mtu wa kuiendesha, shauri huwa lake na damu huwa yenu. Hili la pili ni zito zaidi, kwani damu ni jambo la kuulizwa Siku ya Kiyama. Nanyi mtajibu nini juu ya mzinga msiouamrisha?

Mwenye elimu ya chombo ndiye mwenye chombo. Waturuki walipozuiliwa silaha na Marekani mwaka 1975, kwa sababu ya Saiprasi, mwaka huo huo waliasisi Aselsan, kampuni yao ya vyombo vya elektroniki vya jeshi. Wanazuoni wamezihesabu kazi ambazo umma hauwezi kusimama bila ya hizo kuwa ni fardhi kifaya. Basi mzazi amzuiaye mwanawe hesabu na ufundi, kwa kudhani kuwa hiyo si elimu ya dini, na ajue kuwa amelipunguza jeshi la umma wake.

Mwenyezi Mungu atuongoze.